Kengele ya Phatshwa

12 Novemba

Ninaona. Naandika neno hili kwanza kwa sababu sijalitamka mbele ya mtu yeyote. Mke wangu hajui, mwanangu hajui, na kila mtu huku mashambani anaamini kwamba upasuaji niliofanyiwa mwezi uliopita haukufaulu.

Nina miaka themanini na moja. Moyo umechoka, miguu huvimba ikifika jioni, na daktari aliyenisikiliza kifua alivua mipira ya masikioni polepole kama mtu anayefunga duka. Sidhani nitaona mavuno mengine baada ya haya. Kwa hiyo nasema ukweli hapa, angalau karatasi iujue.

Walipofungua bandeji hospitalini niliona ukungu mtupu. Nikamwambia Morwadi, mke wangu, kwamba ni ukungu tu. Akanishika mkono, akasema, "Basi, Rra-Keoagile, baba wa mwanangu. Tumezoea." Tulirudi kijijini, kisha tukaja huku shambani kungoja mvua kama kila mwaka. Nikaendelea na dawa ya matone. Asubuhi moja ukungu ukatoka kwenye jicho la kulia kama moshi unavyotoka kibandani, na mbele yangu akawa amekaa Morwadi, ambaye sikuwa nimeuona uso wake kwa miaka minne. Amezeeka vizuri.

Nilifungua mdomo nimwambie. Alikuwa anamimina chai. Kidole chake kimoja kilikuwa ndani ya kikombe, kikingoja joto limwambie kikombe kimejaa. Kisha akatafuta kifuniko cha birika. Kilikuwa karibu na goti lake. Alipapasa mchanga kwa kiganja, akageuza kichwa upande kama kuku anayechungulia punje, akapapasa tena.

Nikaufunga mdomo.

Miaka minne ameniongoza. Sasa najiuliza nani alikuwa anamwongoza nani. Ameuambia ulimwengu mzima kwamba yeye ndiye macho yangu, na nikisema ninaona, watu wote watageuka kumtazama yeye. Keoagile mwanetu atakuja na gari atuchukue Gaborone, atuweke kwenye chumba chenye vigae, na shamba hili alilolima tangu alipoolewa litarudi kuwa miiba. Nanyamaza kwa ajili yake.

15 Novemba

Joto. Hakuna wingu.

19 Novemba

Alinisikia naandika.

"Wewe kipofu, unaandika nini?"

"Mkono unakumbuka, Mma. Nimeandika ripoti za ng'ombe maisha yangu yote."

"Herufi zako zitapandana kama mbuzi."

"Zipandane. Nani atazisoma?"

Akacheka, akaenda kutafuta kuni. Alizitafuta kwa mguu.

24 Novemba

Mvua ya kwanza. Modiri, jirani anayetulimia kwa ng'ombe wetu, alikuja analalamika. Phatshwa, yule dume wetu mweupe na mweusi, ana kinyama kinachoota kwenye jicho la kulia na inzi hawabanduki. Nilikipapasa kwa vidole mbele yao, huku jicho langu likikiona vizuri: chekundu, kimekunjamana, kimeshafika kwenye kioo cha jicho. Ni saratani. Nilitibu mifugo ya wilaya hii kwa miaka thelathini, sihitaji kuambiwa.

"Jicho litoke," nikasema. "Likikaa hadi Krismasi tutamla."

"Mimi ng'ombe wa jicho moja sijawahi kulima naye," alisema Modiri. "Ataenda mzunguko kama mlevi."

"Hata wewe unaenda mzunguko, na macho unayo mawili."

28 Novemba

Daktari Wazha alikuja. Nilimfundisha kazi alipokuwa mwanafunzi. Sasa yeye ndiye daktari wa mifugo wa wilaya, na bado ananiita mwalimu. Tulimwingiza Phatshwa katikati ya magogo, tukafunga kichwa. Wazha akachoma ganzi nyuma ya jicho kwa ile sindano ndefu iliyopinda, akashona kope pamoja, akakata kuzunguka. Nilikuwa nimesimama karibu naelekeza, na mara mbili niliuma ulimi ili nisimwambie jambo ambalo mtu asiyeona hawezi kujua. Jicho likatoka zima. Phatshwa alipumua kwa nguvu, basi. Dakika chache baadaye alikuwa anakula majani.

"Mma atampaka dawa kila asubuhi kwenye mshono," alisema Wazha. "Inzi wasitage."

"Nitampaka," alisema Morwadi. "Huyu ni mwanangu."

Tulipobaki wawili nilimuuliza Wazha kwa mzunguko. Nikasema mama mkwe wangu alikufa kipofu, alikuwa anaona mbele tu kama kupitia tundu la bomba, na tundu likawa linapungua. Je, ni kitu cha kurithi?

"Mwalimu, hiyo ni presha ya macho. Ndiyo, inatembea kwenye ukoo. Mma amepimwa?"

"Alikataa. Alisema aliyekuja kutibiwa ni mimi."

"Apimwe. Ile si kama mtoto wa jicho wako. Kilichopotea hakirudi tena, ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Gari la macho, ile kliniki inayotembea, litakuwa kijijini tarehe nne. Wakimkuta nayo watampeleka mjini, watamfungulia njia ya maji ya jicho, wamkalishe mwezi hivi wamwangalie."

"Mwezi," nikasema.

"Mwezi si mwingi kwa macho, mwalimu."

29 Novemba

Sikusema.

4 Desemba

Gari la macho lilikuwa kijijini leo. Tulikaa hapa tukachambua kunde. Sikusema. Nilijiambia atakataa hata nikisema.

14 Desemba

Mshono umekauka upande mmoja, upande mwingine bado unatoa maji. Mvua imerudi na Modiri hangoji tena, akamfunga Phatshwa nira. Alimweka kulia kama zamani. Nikamwambia amhamishie kushoto, ili ule upande usio na jicho uwe ndani, kwa mwenzake. Upande huo atamsikia Thamaga, dume wetu wa pili, begani kupitia nira, na jicho lililobaki litalinda upande wa nje.

Modiri akajaribu, akapiga mluzi. "Mzee, wanakwenda kama bwana na bibi harusi!"

Kwa kawaida hapa kwetu kengele hukaa kwa ng'ombe wa kulia, anayetembea ndani ya mfereji. Modiri akaivua shingoni mwa Phatshwa akamvisha Thamaga. Nilimwona akifanya hivyo. Sikufikiri chochote.

15 Desemba

Leo nitaandika yote.

Nilikuwa kwenye kiti changu mlangoni mwa zizi. Jua lilikuwa limechomoza nyuma ya kibanda. Morwadi alitoka na mkebe wa dawa, akafungua mti wa mlango, akaingia huku anapiga ulimi, kok, kok, kama anavyowaita. Ng'ombe wawili walikuwa wamesimama mbalimbali. Kengele ikalia. Akageuka akaifuata.

Ndipo nilipoelewa. Kumbe majuma yote mawili hakuwa akimwona Phatshwa. Alikuwa akienda kwenye kengele.

Zilikuwa hatua kama kumi. Maneno yaliyohitajika yalikuwa machache: Morwadi, huyo ni Thamaga. Ningeweza kuyasema mara tatu kabla hajafika. Nilikuwa nayo kwenye ulimi. Nikafikiri: nikisema hivi ataniuliza nimejuaje. Nikafikiri: labda atagundua mwenyewe akimgusa. Nikafikiri: Thamaga ni mpole. Mtu anaweza kufikiri mambo mengi sana ndani ya hatua kumi.

Thamaga alimngoja. Anamjua tangu alipokuwa ndama. Morwadi akaweka mkono kwenye paji, akashuka nao hadi kwenye jicho la kulia akitafuta mshono, akachota dawa kwa vidole viwili, akavisukuma ndani ya jicho zima.

Thamaga alirusha kichwa. Pembe haikumchoma, namshukuru Mungu. Shina la pembe ndilo lililompiga ubavuni, akarushwa kwenye magogo, akaangukia mkono. Nilisikia mfupa.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Na nilichosema ni hiki: "Morwadi! Kuna nini?"

Niliuliza kuna nini.

Modiri alikuja mbio. Akambeba nje, akamkalisha, akarudi kutazama. "Mma! Mbona umempaka Thamaga? Huyu ana macho mawili kama bundi!"

Morwadi alikuwa ameshika kifundo cha mkono, midomo imekuwa ya kijivu. "Jua," alisema. "Jua lilinipiga machoni."

Jua lilikuwa mgongoni kwake. Modiri aligeuka akalitazama jua, akamtazama yeye.

"Saa hizi jua ni kali sana," nikasema. "Hata mimi nalisikia usoni."

Modiri akaenda kutafuta gari la kumpeleka zahanati.

16 Desemba

Mkono umewekwa plasta. Mbavu hazikuvunjika. Ameniomba radhi kwa kuwa sasa nitakula uji uliopikwa na Modiri.

17 Desemba

Uji wa Modiri una mabonge.

25 Desemba

Keoagile alikuja na nyama, juisi, na maswali.

"Mama, unaona vizuri?"

"Nakuona umenenepa."

"Mama, nauliza kweli."

"Na mimi nasema kweli. Tumbo hilo hata baba yako analiona."

Tulicheka wote. Baadaye Keoagile akanipeleka nje, akanikalisha mbali na kibanda. Ni mtu mkubwa sasa, ana mvi masikioni, lakini sauti aliyotumia ilikuwa ile ya utotoni alipokuwa amevunja kitu.

"Baba, niambie. Mama anaona?"

Alinipa mlango wazi kabisa. Nilikuwa natakiwa kupita tu.

"Mimi nitajuaje?" nikasema. "Unamuuliza kipofu?"

Akashusha pumzi, akaomba radhi. Mwanangu aliniomba radhi.

3 Januari

Mtama umeota vizuri. Pumzi fupi.

11 Januari

Tulikwenda kwenye bwawa kuteka maji, yeye mbele na mkono mzima, mimi nyuma nimeshika bega lake. Kwenye njia alilala nyoka, kifutu mnene, rangi ya mchanga. Hakumwona. Nilijifanya nimejikwaa, nikamvuta kwa nguvu tukaangukia majani upande wa pili.

"Mzee, utaniua wewe!" alisema anacheka. "Inua miguu!"

"Njia yenu ina mashimo."

Nilirudi nyumbani najisifu moyoni. Nilijiona mume bora kuliko wote. Naandika hili ili ijulikane jinsi uongo unavyoweza kumstarehesha mtu.

19 Januari

Mvua. Maumivu ya kifua, yakapita.

2 Februari

Nililala siku tatu. Alikaa pembeni yangu siku zote tatu, kiganja chake kifuani kwangu, anahesabu pumzi kwa mkono kwa sababu hawezi kuziona. Kila nilipofumbua jicho uso wake ulikuwa hapo. Sijawahi kuwa mgonjwa vizuri hivyo.

14 Februari

Masuke ya mtama yameanza kuwa mekundu, na kwelea kwelea wamekuja. Morwadi anapiga bati kutwa. Leo walishuka wengi upande wa magharibi, na yeye alikuwa anapiga bati akielekea mashariki kwa sababu upepo ulileta sauti kutoka huko. Modiri alisimama kwenye mpaka anatazama. Hakumkejeli. Ningependa angemkejeli.

20 Februari

Wakati wa kula, mwanga bado ukiwa mwingi uani, aliniuliza: "Mbona siku hizi jioni inawahi?"

Nikamwambia ni majira.

21 Februari

Sikusema. Tundu lake linazibika na mimi nalitazama linavyozibika, kila siku, kwa jicho ambalo watu walinipa bure ili nione.

9 Machi

Wazha alipita kumwona Phatshwa. Shimo la jicho limefunga safi, nywele zimeota. Alifurahi. Alimwona pia Morwadi akimletea maji, akimnyoshea bilauri mtu ambaye hakuwa pale alipomdhania. Wazha alisogea kimya kimya, akasimama mbele ya bilauri, akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante Mma.

Kisha akanijia. Hakuniita mwalimu.

"Rra, gari la macho linapita barabara kuu tarehe kumi na tatu, asubuhi. Nimezungumza nao, watakuja mpaka hapa. Mma lazima apande."

"Watamkalisha mwezi?"

"Pengine zaidi, sasa. Imechelewa."

"Mimi sitamaliza mwezi, Wazha."

Alinitazama kwa muda. Nadhani alijua wakati huo kwamba ninamwona anavyonitazama. "Hilo si jambo la kuniambia mimi," alisema.

10 Machi

Nilimwambia Morwadi juu ya gari tu, kama neno lililotoka kwa Wazha. Alisema haendi, macho yake ni mazima.

11 Machi

Nilianza mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anaimba.

12 Machi

Mchana huu alikaa kwenye mkeka karibu nami. Nilikuwa naandika tarehe tu. Akasema, bila kunigeukia:

"Umefika chini ya ukurasa."

Nilikuwa nimefika.

"Kipofu hajui ukurasa umejaa," alisema. "Wewe kila ukijaa unageuza. Nimekusikia tangu kabla ya Krismasi. Kalamu haikosi, haikwaruzi ubao ulio chini ya karatasi. Nikasema, kha, huyu mzee anaona."



"Na siku ya bwawa. Hukujikwaa. Ilikuwa nyoka?"

"Kifutu."

"Mkubwa?"

"Mnene kama mkono wangu wa zamani."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, kisha akanishika mkono. Mkono ule uliovunjika umebaki umepinda kidogo. Akasema hakuna mume mwingine katika ukoo wake wote ambaye angejifanya kipofu ili mke asiaibike. Mama yake, alisema, walimweka kwenye kona jikoni siku waliyojua. Tangu siku hiyo hakupewa hata kisu cha kumenya. "Wewe ulinificha, Rra-Keoagile. Uliniachia shamba langu. Ulikaa ukaongozwa ili mimi niongoze." Alilia kidogo. "Basi, gari likija kesho nitawaambia warudi. Wewe ulikaa gizani kwa ajili yangu, mimi nitakuacha hapa na kifua hicho? Haiwezekani. Kidogo kilichobaki kiende. Tutakuwa sawa."

Aliyasema kwa upendo, kama mtu anayelipa deni kwa furaha. Na ningeweza kukaa kimya mara moja zaidi. Ilikuwa rahisi kuliko zote zilizotangulia. Angebaki. Kiganja chake kingekuwa kifuani kwangu hadi mwisho.

13 Machi

Gari limekwenda. Niliona vumbi lake mpaka likaisha kwenye miti.

Nilimwambia asubuhi, alipokuwa anakoroga uji, kabla gari halijasikika. Kwanza nilimwambia juu ya zizi. Nilimwambia nilimwona akiifuata kengele, kwamba nilijua yule ni Thamaga, kwamba nilikuwa na hatua kumi. Aliacha kukoroga. Kisha nikamwambia kwamba Wazha alinieleza tangu Novemba, kwamba kama angepanda gari la kwanza angekuwa na macho mengi zaidi ya aliyo nayo leo.

"Kwa nini?" aliniuliza.

Nikamwambia kwa nini.

Hakupiga kelele. Alimalizia uji, akaupakua, akaweka bakuli mbele yangu na kijiko upande wa kulia, kama alivyozoea kumwekea kipofu. Kisha akakitoa kijiko pale akakitupa ndani ya bakuli. Akaingia ndani, akatoka na shali yake na begi dogo. Gari liliposimama, Modiri alitaka kumshika mkono. Akamwambia, "Niache, nitapapasa." Akapapasa bati la gari mpaka kwenye mlango, akapanda. Muuguzi akamuuliza kama mzee atakuwa salama peke yake.

"Huyo?" alisema Morwadi. "Huyo anaona."

Modiri atalala kwenye kibanda cha pili. Ng'ombe wako zizini, na kengele imerudi kwa Phatshwa. Nilimwomba Modiri aifunge pale. Kifua kinabana tangu adhuhuri. Mtama umekomaa, unangoja watu wa kuuvuna.

Nilichomwambia ni hiki. Sikunyamaza kwa ajili yake hata siku moja. Niliposikia neno mwezi nilijua kwamba nikisema atakwenda, na akienda nitakufa hayupo. Nikayapima macho yake na mkono wake juu ya kifua changu, nikachagua mkono.